Mtoto alijua jibu, nikampa yai: Kiingereza cha wenye ada na cha watoto wa Kayumba

Mwalimu wa Zamu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia kwenye shule ya kata, wilaya moja ya mkoa wa Morogoro. Huu mwaka wa 11 nakula vumbi la chaki. Wiki iliyopita nilikuwa nasahihisha jaribio la kidato cha pili, swali nimelitunga kwa mkono wangu: "Account for the yellowing of maize leaves in a waterlogged farm." Yaani toa sababu za mahindi kugeuka njano shamba likituamisha maji. Nikafika kwenye karatasi ya kijana mmoja, mtoto wa mkulima wa bondeni huku. Kaandika mistari mitano kuhusu kuweka hela benki. Kaliona neno "account" akajua ni akaunti, akashuka nayo hadi kwenye riba. Mwandiko safi kabisa.

Nilicheka, sitawadanganya. Nikachora yai, yaani sifuri, nikaenda karatasi inayofuata.

Jioni nikamkuta anamwagilia mchicha wa shule. Nikamuuliza kwa Kiswahili swali lilelile. Hata ndoo hakuitua. "Si maji yanaziba hewa, mwalimu. Mizizi inakuwa kama imezama. Halafu na mbolea inasombwa. Baba huwa anachimba mfereji pembeni, maji yakitoka tu, siku si nyingi yanarudi kijani." Wakuu, hilo ni jibu la mtu anayeelekea kidato cha nne. Nilisimama pale nikajisikia vibaya, kwa sababu lile yai nilimpa kwa haki. Kwa taratibu zetu sikukosea popote.

Wengi hapa mmepita huko, ila kwa faida ya wasiojua. Mtoto wa Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, anasoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza. Kiingereza kwake ni somo kama Uraia au Stadi za Kazi, kipindi kinaisha, kinafutwa ubaoni. Hawa wangu wa sasa walikianza darasa la tatu, kwa sababu mabadiliko ya 2015 yaliacha darasa la kwanza na la pili kwa ajili ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Anamaliza darasa la saba akijua mmeng'enyo wa chakula, akijua eneo la pembetatu, akijua Kinjekitile na vita vya Majimaji. Januari anaingia kidato cha kwanza, na kila kitu alichokijua kimebadilishwa jina. Zinatengwa wiki chache za kuzoeshwa Kiingereza, wenyewe tunaita "beisi laini", kisha gari linaondoka. Mimi namkuta wiki ya saba akiwa na daftari limejaa notisi alizonakili ubaoni herufi kwa herufi, kama mtu anayechora ramani ya nchi asiyoifahamu.

Mtoto wa inglishi midiamu kwake Januari ni Januari tu. Lugha haibadiliki. Mtihani wake wa darasa la saba aliufanya kwa Kiingereza, na kidato cha kwanza anaendelea alipoachia.

Miaka minne baadaye hawa wawili wanakaa kwenye mtihani mmoja wa Baraza la Mitihani, karatasi moja, dakika zilezile. Ukitoa Kiswahili na masomo machache, karatasi yote ni Kiingereza. Matokeo yakitoka tunapanga shule kwa wastani, tunasema hizi za kata ni vilaza.

Na hapa ndipo ninapotaka tufike. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967. Kwa miaka mingi baada ya hapo, ukiondoa shule chache sana za wageni, mtoto wa mkuu wa wilaya na mtoto wa mlinzi wake walisoma kwa lugha moja, na kidato cha kwanza wakagugumia pamoja. Walioumia walikuwamo na watoto wa waamuzi. Ndiyo maana Tume ya Rais ya Elimu, ile ya Makweta, mwaka 1982 ikasema wazi: Kiswahili kiingie sekondari kuanzia 1985. Serikali ikakataa, Kiingereza kikabaki, ila angalau suala lilikuwa mezani, watu wanabishana.

Miaka ya 1990 milango ya shule binafsi ikafunguliwa, na sera ya elimu ya 1995 ikaweka muhuri. Mwenye uwezo hakuwa tena na sababu ya kubishana. Akalipa ada, akamtoa mwanawe kwenye foleni. Kuanzia hapo walioachwa kwenye foleni ni wale ambao hata wakipiga kelele hakuna anayegeuka. Sera ya 2014, ile iliyozinduliwa Februari 2015, iliandika kwamba Kiswahili kitatumika ngazi zote. Nani alifuatilia? Toleo la 2023 likaturudisha palepale: msingi Kiswahili, sekondari Kiingereza. Sikusikia mzazi hata mmoja mwenye gari akilalamika.

Nawasilisha.

Ndizi Mzuzu

Nimesoma mpaka mwisho kwa sababu ya huyo dogo wa akaunti. Mimi wa 2009, kwenye Jiografia niliulizwa "Explain", nikaandika swali lote tena kwa mpangilio tofauti, nikatia nukta. Nilipata alama moja, nadhani ya usafi.

Roho ya Kinyonga

Mleta mada unalialia tu. Dunia inaongea Kiingereza. Mchina anajifunza, Mrusi anajifunza, wewe unataka tujifungie na Kiswahili chetu. Halafu jibu swali moja: mwanao anasoma wapi?

Dereva wa Semi

Naomba nichangie kama mtu wa barabarani. Napeleka mzigo Lubumbashi, napita Tunduma mpaka Kasumbalesa. Upande wa Kongo sina shida, wenzetu wa Katanga Kiswahili wanacho, tunaelewana hadi kwenye utani. Shida yangu iko Zambia katikati. Fomu ni Kiingereza, askari ni Kiingereza, wakala wa forodha ni Kiingereza. Nimeishia darasa la saba. Mwaka juzi nililala siku tano getini kwa sababu ya karatasi moja iliyokosewa uzito, na mimi sina maneno ya kueleza kwamba kosa si langu. Kijana mmoja wa Kizimbabwe, gari bovu kuliko langu, alifika, akaongea dakika kumi, akapita.

Kwa hiyo mwalimu nakuelewa, lakini ukiniambia mwanangu asome kila kitu kwa Kiswahili nitakukimbia. Mimi nataka Kiingereza kianze chekechea, kwa shule zote, Kayumba kwa inglishi midiamu. Wote tulingane.

Bi Mkubwa wa Wete

Hayo ya "wote tulingane" sisi huku visiwani tuliyaonja. Sera yetu ya mwaka 2006 ilisema Hisabati na Sayansi ziende kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mimi nilikuwa nasomesha skuli moja ya shamba, Pemba. Nilisoma kwa Kiswahili, nikasomeshwa ualimu nusu kwa nusu, leo naambiwa niwaeleze watoto sehemu na desimali kwa Kiingereza. Wallahi nilikuwa nausoma mstari kitabuni, halafu nafunga mlango nawaeleza kwa Kiswahili, mkaguzi akija nafungua. Watoto wa mjini waliokuwa na mama na baba wa ofisini walikwenda. Wangu walikuwa wakinitazama mdomo.

Amri haimpi mwalimu lugha. Ndilo nililokuja kulisema, naenda zangu kupika.

Chaki Nyekundu

Mimi nafundisha inglishi midiamu, Dar, sio zile za mabilionea. Naomba niwatoe watu ushamba kidogo. Kuna inglishi midiamu za watu na kuna za jina. Ile yenye ada ya mamilioni ina walimu wanaoijua lugha, ina maktaba, na watoto wanatoka nyumba zenye vitabu. Za kwetu sisi, jengo la ghorofa moja na basi la njano, mwalimu anaweza kuwa kidato cha nne aliyepata daraja la nne, analipwa mshahara ambao hata kuutaja naona aibu. Watoto wanajua "May I go out" na "Good morning teacher" kwa sauti ya kuimba. Ukiwaondoa kwenye maswali waliyomezeshwa, wanakodoa. Na Kiswahili hawakijui vilevile, maana wakikiongea wanavishwa kibao shingoni au wanachapwa. Nina mtoto wa darasa la tano hawezi kuandika barua kwa bibi yake kwa lugha yoyote.

Lakini wazazi wao ni mama lishe na bodaboda, wanajinyima kweli. Wananunua sare na tai, wakiamini wamenunua lugha. Mtu akiwaambia wamepigwa wanamwona mchawi.

Mjukuu wa Mzee Pazi

Naandika kwa niaba ya babu, kakaa hapa pembeni, kasema nisibadilishe neno. "Mimi nilizaliwa 1951. Hao wanaosema zamani Kiingereza kilikuwa kizuri waulizeni walikuwa wangapi. Darasa la nne tulifanya mtihani wa kwenda midoo skuli. Tulikuwa watoto 40, tukachaguliwa 6. Wale 34 jembe. Sasa mkitukuta sisi sita tunaongea Kiingereza cha kunyooka mnasema elimu ya mkoloni ilikuwa bora. Wale 34 hamjawahi kuongea nao, na wengi wamekwishatangulia."

Kamaliza, kaomba chai.

Pwani Si Kenya Tu

Salamu kutoka Kwale. Ndugu zetu wa Bongo mna mazoea ya kusema Wakenya wamewashinda kwa Kiingereza, kwa hiyo ngoja niwape habari za ndani. Sera yetu tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 inasema madarasa matatu ya kwanza mtoto afunzwe kwa lugha ya eneo lake, kisha Kiingereza kishike usukani darasa la nne. Ni makaratasi. Mimi nilikuwa darasa la pili nikivishwa diski shingoni kwa kusema Kidigo, unatembea nayo mpaka umnase mwingine. Tulijifunza kupeleleza kabla ya kujifunza kusoma.

Elimu ya msingi ilipofanywa bure 2003, madarasa yakafurika, na wazazi wenye nafasi wakahamisha watoto kwenda akademi, yaani shule za kulipia. Hiyo hadithi ya foleni aliyoisimulia mwalimu ni yetu pia, tofauti ni kwamba sisi lugha haikubadilika, wateja ndio walibadilika. Mtoto wa Nairobi anayeangalia katuni za Kiingereza tangu akiwa na miaka miwili na mtoto wa Kinango anayechota maji kilomita tatu wanafanya mtihani mmoja. Msituonee wivu.

Roho ya Kinyonga

Maelezo mengi, swali langu bado halijajibiwa. Mwanao anasoma wapi, mwalimu?

Sindano na Pamba

Mimi ni nesi, nimetoka Kayumba, shule yetu ilikuwa na madawati 14. Nimefika nilipofika. Sasa najua kuna mtu atakuja kusema "mbona huyu ameweza". Naomba nimzuie mapema.

Niliweza kwa sababu sista mmoja wa zahanati ya misheni alinipa kamusi ndogo iliyochanika mwanzo, inaanzia herufi C. Maneno yote ya A na B nilikuja kuyajua ukubwani, hamtaamini. Kila jioni maneno kumi. Na mama alinisamehe kazi za jioni, jambo ambalo dada zangu wawili hawakulipata, ndio waliozifanya. Mmoja wao alikuwa na akili kunizidi mimi, Hesabu alikuwa ananifundisha yeye. Alipata sifuri matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yale yaliyotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya nchi ikaanguka mpaka serikali ikaunda tume na matokeo yakapangwa upya. Hata yalipopangwa upya hakufikia. Leo ana genge la nyanya, anapiga hesabu za wateja watano kwa mpigo kichwani. Msinifanye mfano. Mfano ni yeye.

Na kazini bado naliona hili jambo. Daktari anaandika faili kwa Kiingereza, mimi namtafsiria mgonjwa kwa Kiswahili, mgonjwa anamtafsiria mama yake kwa Kisukuma. Kila mkono unapopita kuna kitu kinamwagika.

Mpiga Zumari

Nesi umeniliza na hiyo kamusi ya kuanzia C.

Mwalimu wa Zamu (mleta mada)

Samahani wakuu, umeme ulikatika jana, simu ikazima. Nianze na Roho ya Kinyonga, maana swali lake ni la haki na nilikuwa nalikwepa.

Mwanangu anasoma inglishi midiamu. Darasa la tatu. Ada ni milioni 1 na laki 3 kwa mwaka, basi la shule mbali. Mshahara wangu ukishapita Bodi ya Mikopo, bima na mkopo wa benki, kinachobaki hakitoshi kuitwa mshahara. Mke wangu anakaanga maandazi saa kumi alfajiri ili mtoto wetu asije akakaa siku moja kwenye darasa la mtu kama mimi. Tuliliongea hili usiku mmoja na hatukuweza kutazamana. Na ofisini kwetu siko peke yangu. Wenzangu wenye watoto wa umri huo, wote wamefanya nilivyofanya. Walimu wa shule ya serikali tunamkimbiza mtoto kutoka shule ya serikali, halafu asubuhi tunaingia darasani kuwaambia wa wenzetu wasikate tamaa. Ukiniita mnafiki sitabisha. Ila angalia: hata mimi, ninayeliona kila siku, nimeshatoka kwenye ile foleni. Ndiyo hoja yenyewe.

Kuna hesabu moja huwa inanijia. Ruzuku ya uendeshaji ambayo serikali imepanga kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, kwa sekondari 25,000. Najua mshahara wa mwalimu na majengo vinahesabiwa pembeni, sitaki kupotosha. Lakini hiyo 10,000 ndiyo iliyobeba chaki, karatasi za mitihani na ukarabati, na sehemu yake inakatwa kwa ajili ya vitabu. Mwanangu kwa basi tu anaimaliza kwa siku chache.

Dereva wa Semi, kaka, nakubaliana na wewe kuliko unavyodhani. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amelisema jambo hili kwa miaka mingi: kufundisha Kiingereza ni kitu kimoja, kufundishia kwa Kiingereza ni kitu kingine. Wewe pale getini hukuhitaji kujua usanisinuru kwa Kiingereza. Ulihitaji mtu aliyekufundisha Kiingereza chenyewe, akakukalisha ukaongea, ukakosea, ukarudia. Kayumba hatufanyi hivyo. Watoto 120 darasani, kipindi dakika 40, toa muda wa kunyamazisha, kila mtoto ana sekunde ngapi za kufungua mdomo? Halafu sekondari tunadhani tukimwagia Fizikia, Kemia na Historia kwa lugha hiyo ataijua kwa kulowa. Halowi. Ananyamaza. Anayenyamaza miaka minne anatoka bila Fizikia na bila Kiingereza.

Wakati shule za kata zinafumuka kila kona, katikati ya miaka ya 2000, walimu hawakutosha, wakachukuliwa waliomaliza kidato cha sita wakapigwa msasa wa wiki chache. Mnakumbuka jina lao, "voda fasta". Mimi nilifundishwa na hao. Sasa hivi ninafundisha mimi. Pigeni mstari kutoka pale mpaka kwenye karatasi ya akaunti mtaona unanyooka.

Mtaala mpya ulioanza 2024 umerudisha Kiingereza darasa la kwanza, hilo sipingi. Nasubiri kuona nani atakifundisha. Bi Mkubwa wa Wete ameshasema yote.

Roho ya Kinyonga

Nimekuelewa mwalimu. Wangu pia yuko huko huko. Ada ya muhula wa pili sijamaliza.

Chaki Nyekundu

Akiwa kwangu nitamjua kwa kuchelewa kuleta risiti.

Jua la Utosi

Tatizo lenu mnachanganya mambo. Mimi nasema kama hamtaki kubadili lugha ya mtihani, basi karatasi iwe na lugha mbili. Upande huu Kiingereza, upande huu Kiswahili, mtoto ajibu anayoiweza. Mahakama tu mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha yake. Kesi ya mauaji inaweza kusikilizwa kwa Kiswahili, ila mahindi kugeuka njano hayawezi?

Dereva wa Semi

Hii ya lugha mbili naiunga mkono. Mwanangu ajibu anavyojua, Kiingereza apimwe kwenye somo la Kiingereza. Huko wasimwonee huruma.

Ndizi Mzuzu

Mwalimu, tuachane na sera. Yule dogo wa akaunti ulimrudishia alama zake?

Mwalimu wa Zamu (mleta mada)

Hapana. Ningemrudishia ningewarudishia wangapi? Na Baraza halitamrudishia mtu. Nilichofanya ni kumwambia kwamba "account for" maana yake ni "toa sababu", na kwamba yako mengine ya namna hiyo.

Jana alinifuata ofisini. Nyuma ya daftari la Baiolojia kapiga mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja kakusanya maneno yote yanayoanzisha maswali kwenye karatasi za miaka iliyopita, upande mwingine maana yake kwa Kiswahili. Amefikisha 23. Mengi kayapata mwenyewe. Amekwama mahali pamoja, anataka kujua "outline" na "describe" zinatofautiana nini, maana zote kamusi inamwambia "eleza".

Nikamwambia aje Jumatatu. Na mimi nikaangalie.